Mnaponunua skrubu za mgongo, ulizeni na bisibisi yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji katika hospitali moja ya rufaa huku Kanda ya Ziwa, yule anayesimama upande wa pili wa meza akimpokeza daktari vifaa. Kila habari za upasuaji wa mgongo zinapotoka magazetini, picha huwa ya daktari bingwa na mgonjwa aliyeinuka kitandani, na chini yake inatajwa gharama ya vyuma alivyowekewa. Sina ugomvi na picha. Ninachotaka kusema kinahusu trei iliyo mbele yangu, ambayo haipigwi picha, na ambayo kwa maoni yangu ina sauti kubwa katika kuamua kama skrubu ile ghali itakaa panapotakiwa au itamlemaza mtu.

Tunaponunua vyuma vya mgongo tunauliza skrubu moja ni shilingi ngapi. Bisibisi yake inafanana vipi, inaoshwaje, inakaa mkononi mwa nani, hayo hatuulizi.

Wasomaji wengi wana ndugu au jirani aliyewekewa "nondo" mgongoni baada ya ajali ya bodaboda au kudondoka mwembeni. Nieleze kidogo kinachofanyika. Kila pingili ya uti wa mgongo ina mwili mnene mbele na upinde nyuma, na vinavyoviunganisha ni vidaraja viwili vya mfupa, kushoto na kulia. Madaktari huviita pedikoli. Skrubu hupita humo kutoka nyuma kwenda mbele, kisha nondo mbili hulazwa kwenye vichwa vya skrubu na kufungwa. Mfaransa Raymond Roy-Camille alianza kutumia njia hiyo mwaka 1963, na leo ndiyo inayotumika zaidi. Kiunoni kidaraja ni kinene, skrubu ya milimita 6.5 inaingia bila wasiwasi. Kifuani, usawa wa pingili ya nne hadi ya sita, kwa watu wengi upana wake ni kama milimita nne au tano tu. Ukuta wa ndani umepakana na ugwe wa mgongo, ile kamba ya neva inayotoka kwenye ubongo. Mbele na pembeni kuna mapafu na mshipa mkubwa wa damu.

Kwanza natoa msharasi wenye kizuizi shingoni ili usizame, unafungua ganda gumu la mfupa. Halafu daktari ananyoosha mkono bila kunitazama, nami nampa probu. Hii ni fimbo nyembamba yenye mpini mnene na ncha iliyopinda kidogo. Ncha ni butu kwa makusudi: ndani ya kidaraja mfupa ni laini wenye vitundu, kuta zake ni ngumu, kwa hiyo ncha butu hufuata ulaini badala ya kutoboa ukuta. Sentimita mbili za kwanza ncha huelekezwa nje, mbali na ugwe. Ikishapita hapo daktari huitoa, huigeuza, na kuirudisha ikiwa imeelekea ndani ili ifike kwenye mwili wa pingili. Sasa ncha imezama kwenye nyama na damu. Atajuaje imeangalia wapi?

Mbunifu mwenye akili ameweka ubapa kwenye mpini, upande ule ule ncha ilikopindia. Kidole gumba kinausikia ubapa huo hata kupitia glavu mbili. Lakini nimewahi kupokeza probu ambayo mpini wake ulikuwa mviringo mtupu, unang'aa, mzuri wa kutazama kwenye katalogi. Mshale wa kuonyesha upande ulikuwa umechorwa kwa leza, na baada ya kuoshwa na kuvukizwa (kuua vijidudu kwa mvuke) miezi na miezi ukafutika. Daktari akawa ananiuliza kila baada ya dakika mbili, "Sista, imeangalia wapi?" Na mimi kutoka nilipo sioni ncha, naona mpini mviringo.

Baada ya probu inafuata waya mwembamba wenye kitone mwishoni. Daktari anapapasa nao kuta tano za tundu: ya juu, ya chini, ya ndani, ya nje, na sakafu yake. Kama ukuta umetoboka, kitone kinatumbukia na mkono wake unahisi. Halafu tepu ya kukata hesi, mara nyingi ndogo kidogo kuliko skrubu ili skrubu ing'ate vizuri. Ndipo skrubu. Kwenye hospitali zenye kompyuta za kuongoza, kazi hii ina msaidizi kwenye skrini. Kwetu msaidizi ni eksirei na ule ubapa wa mpini. Ndiyo maana nasema kifaa kibaya hapa si usumbufu tu.

Sasa niingie kwenye kuosha, kwa sababu huko ndiko ubunifu mwingi unakofia, na wanaobuni ni nadra kufika huko.

Kuna koleo la kung'ata mfupa liitwalo Kerrison. Lina vyuma viwili virefu vilivyolaliana. Cha juu kinateleza juu ya cha chini na kung'ata mfupa kidogo kidogo, karibu kabisa na neva. Kati ya vyuma hivyo kuna mfereji, na ndani ya mfereji huingia damu, unga wa mfupa na mafuta. La zamani halifunguki. Ukilisugua nje kwa mswaki linang'aa. Ukilibonyeza ndani ya maji linatema uchafu wa kahawia. Unabadilisha maji, unabonyeza, linatema tena. Unaweza kulivukiza kwa nyuzi 134 upendavyo, lakini uchafu uliokauka humo unavikinga vijidudu, na mgonjwa anayefuata ndiye atakayeupokea. Aina mpya inafunguka: unabonyeza kitufe, vyuma vinaachana, unasugua, unarudishia. Bei yake ni kubwa zaidi, sikatai. Lakini sijawahi kuona fomu ya zabuni inayouliza, je, kinafunguka?

Ni vivyo hivyo kwa bisibisi zenye tundu katikati, mipini yenye springi ndani, na ile mipini ya silikoni inayoanza kubanduka kwenye chuma na kuacha upenyo wa kuhifadhi maji. Kifaa kikitoka kwenye mashine ya mvuke kikiwa na maji ndani, trei nzima tunahesabu si salama. Upasuaji unaahirishwa, mgonjwa amefunga tangu jana, na ndugu zake hapo nje wanaamini daktari amewakimbia.

Halafu kuna jiki. Kwa miaka mingi tulifundishwa kuloweka vifaa kwenye klorini ya asilimia 0.5 kabla ya kuviosha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 ulisema tuache, kwa sababu klorini inakula chuma na penye damu nguvu yake inapungua. Ndoo za jiki bado zipo sehemu nyingi, tusidanganyane. Ongeza maji ya kisima yenye chumvi, na kile chuma kinachoitwa hakishiki kutu kinaanza kutoboka vidoadoa vyeusi, hasa kwenye maungio na pale palipochorwa na leza. Alumini ndiyo huteseka zaidi. Watengenezaji wanaipaka rangi ili kutofautisha ukubwa: mpini wa bluu, pete ya zambarau, pete ya dhahabu. Sabuni yenye magadi makali inaitafuna rangi hiyo taratibu, na siku moja una tepu ya 5.5 na tepu ya 6.5, zote kijivu.

Ningekuwa mimi ndiye mbunifu, ukubwa ningeukata kwenye shina lenyewe. Mduara mmoja kwa 4.5, miwili kwa 5.5, mitatu kwa 6.5, mipana na isiyo na kina ili mswaki upite. Kidole kinahesabu hata umeme ukikatika kabla jenereta haijawaka. Nilimwambia hivyo mwakilishi mmoja wa kampuni, akaandika kwenye daftari lake kwa adabu. Sikusikia tena.

Nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Aliletwa kwetu kijana aliyekuwa amefungwa vyuma kwenye hospitali nyingine miaka kadhaa nyuma. Kidonda kilikuwa kinatoa usaha, vyuma vilitakiwa vitoke. Karatasi yake ya kuruhusiwa ilisema amefanyiwa upasuaji wa mgongo na amewekewa vyuma, basi. Aina gani, kampuni gani, hakuna. Tukafungua. Juu ya kila kichwa cha skrubu kuna skrubu nyingine ndogo, ile inayofungia nondo, na katikati yake kuna tundu la kuingizia bisibisi. Tundu hilo linaweza kuwa la pembe sita au la nyota, na kila aina ina saizi zake. Bisibisi yetu ya pembe sita ilikuwa inacheza. Ya nyota tuliyokuwa nayo ilikuwa haiingii kabisa. Simu zikapigwa, dereva akatumwa kuazima, akarudi na bisibisi inayokaribia lakini siyo. Ilipolazimishwa ikazikata pembe za tundu la kwanza, na hapo hata bisibisi sahihi isingefaa tena.

Daktari aliishia kukata nondo kwa drili yenye kichwa cha kabaidi, mimi namwaga maji na mwenzangu anafyonza, na bado unga wa chuma ulikuwa unatapakaa kwenye kidonda ambacho tayari kina usaha. Kisha kila skrubu ikashikwa kichwa kwa plaizi ya kujifunga na kuzungushwa robo kwa robo. Vichwa vyenyewe vimetengenezwa vicheze kila upande ili nondo ilale vizuri, kwa hiyo ukizungusha kichwa, mwili wa skrubu unabaki palepale mpaka ukibane vilivyo. Kazi tuliyoipangia asubuhi ilitupeleka alasiri. Damu iliyopotea ilibidi irudishwe kwa chupa.

Bisibisi iliyotakiwa ilikuwepo nchini wakati wote, kwenye stoo ya msambazaji. Maana utaratibu wetu ndio huo: hospitali nyingi hazimiliki seti. Msambazaji analeta matrei kabla ya upasuaji, sisi tunayaosha na kuyavukiza, jioni anayachukua. Skrubu zinabaki mgongoni mwa mtu na bisibisi inarudi stoo. Na hakuna sheria inayozilazimisha kampuni za vyuma vya mgongo kutumia tundu la aina moja. Kila moja inalinda umbo lake. Kibiashara nawaelewa, ila sikubaliani nao.

Kuna jambo lingine linalonikera zaidi kwa sababu halionekani. Mwisho wa kazi ile skrubu ndogo inakazwa kwa mpini maalumu unaolia "tak" nguvu ikifika kiasi kilichowekwa, aghalabu kama nyutoni mita 10 hadi 12 kutegemea kampuni. Daktari anaushika pamoja na kishikizo kingine kinachoikamata nondo isizunguke, ili nguvu ya kukaza isihamie kwenye pingili iliyovunjika. Ikikazwa chini ya kiasi, nondo inateleza baadaye. Ikipitiliza, hesi zinaharibika au kichwa kinapanuka. Mpini huu una springi, na springi inayovukizwa mara kwa mara inachoka, hivyo inatakiwa ipimwe upya kwa vipindi. Gereji kubwa zinazofunga injini za malori zina spana za toki zenye stika ya tarehe ya kupimwa. Mpini unaokaza mgongo wa binadamu unanifikia kwenye trei bila stika yoyote. Nikiuliza, naambiwa "hiyo ni nzima, sista".

Kuhusu mikono nitasema kwa kifupi. Mipini mingi ilibuniwa kwa mkono wa mwanamume anayevaa glavu namba 8. Sasa tuna madaktari wa kike wa mifupa na wa ubongo, na mmoja niliyefanya naye kazi anavaa namba 6. Ana ujuzi kuwazidi wengi, lakini mpini wa kukatia nondo unamlazimu atumie mikono miwili na kifua. Wanaume wenzake wanatania kwamba aende mazoezi ya kunyanyua vyuma. Mimi nadhani aende kwenye meza ya wabunifu.

Watasema haya ni mambo ya viwanda vya nje, sisi tutabadili nini? Nitamtaja Eduardo Luque, daktari wa Meksiko. Kabla yake, njia kubwa ya kunyoosha mgongo uliopinda ilikuwa nondo za Paul Harrington wa Houston, Marekani, aliyezibuni akitibu watoto waliopooza kwa polio na kuzitangaza mwaka 1962. Zilisaidia wengi, lakini baada ya upasuaji mgonjwa alikaa na plasta kiwiliwili kizima kwa miezi. Wagonjwa wa Luque walikuwa na hali duni, wengine wanatoka mbali, na plasta kwenye joto ni mateso. Kwa hiyo miaka ya 1970 akaifunga nondo kwa waya kwenye kila pingili, mfumo ukawa imara kiasi cha kuiacha plasta. Waya kupita chini ya mfupa karibu na ugwe ulikuwa na hatari zake, na baadaye skrubu zikachukua nafasi. Lakini madaktari wa nchi tajiri walijifunza kwake, yeye aliyeanza na mazingira ya wagonjwa wake.

Na vifaa vyenyewe vinatoka wapi? Mbali na Tuttlingen kule Ujerumani, sehemu kubwa ya makoleo na mikasi ya upasuaji duniani inafuliwa Sialkot, Pakistani. Wenyewe wanasimulia kwamba walianza na wahunzi waliopelekewa vifaa vibovu vya hospitali ya misheni wakati wa utawala wa Mwingereza. Walianza kwa kukarabati. Hapa kwetu TEMDO, shirika la umma la usanifu wa mitambo pale Arusha, wanatengeneza vitanda vya hospitali. Simwambii mtu akakereze skrubu ya titaniamu kesho. Skrubu inabaki mwilini na masharti yake ni mazito, kama inavyopasa. Lakini trei yenye matundu ya kutosha mvuke upite na maji yatoke? Mpini wenye ubapa? Kitu cha kubebea kisichozidi kilo 11.3, ambacho ndicho kikomo wanachokipendekeza Wamarekani kwa trei iliyopangwa vifaa, maana sisi tunapanda nazo ngazi lifti ikigoma? Wakerezaji wa kufanya hayo tunao, mradi wapewe chuma cha daraja sahihi na mtu wa kuwapima.

Najua jibu la madaktari wangu. Wagonjwa wamelala wodini wakisubiri, tupeni chochote. Nawaheshimu, na msaada kutoka nje siukatai. Ila seti za msaada nazifungua mimi. Nakuta nafasi ya kishikizo cha nondo iko tupu, nakuta skrubu za kampuni moja na bisibisi ya nyingine, na hakuna ukurasa hata mmoja wa maelekezo ya kuosha. Seti kama hiyo inachukua rafu na kumpa mkurugenzi takwimu ya kusoma kwenye hafla.

Ombi langu kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, Bohari ya Dawa na bodi za hospitali ni kwamba kabla skrubu za mgongo hazijanunuliwa au kupokelewa, seti nzima ya vifaa vyake iletwe mezani, na watu wawili wasiokuwa madaktari wawepo: muuguzi wa kupokeza na mtumishi wa kuosha. Waifungue vipande, waioshe kwa maji ya hospitali hiyo, waivukize kwa mashine ya hospitali hiyo, waiunganishe tena. Watakachoshindwa kukifungua kiandikwe. Msambazaji aonyeshe mpini wa kukazia ulipimwa lini. Na bisibisi ya kutolea ibaki hospitalini skrubu zinapobaki mgongoni.

Na kuna la mwisho, ambalo halihitaji hata zabuni. Baada ya kila upasuaji wa namna hii najaza fomu ya msambazaji: jina la mfumo, namba ya katalogi ya kila skrubu, unene, urefu, idadi. Nakala moja anaichukua yeye ili alipwe, nyingine inaenda kwa mhasibu. Mgonjwa, anayeondoka na vyuma hivyo mwilini, hapewi kitu. Naomba waganga wakuu waagize nakala ya tatu ibandikwe kwenye kadi yake. Karatasi ya kaboni tunayo.

Muuguzi wa chumba cha upasuaji,
Kanda ya Ziwa
(Jina na anuani yangu unavyo, Mhariri.)